Pleya inanong'ona, redio inanguruma: nipandishe vipi sauti kwenye stereo ya mzee?

#1 JaMigosi (Kisumu)
Wadau, hamjambo. Nyumbani kuna stereo ya mzee, amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 80, ile nzito ambayo ukitaka kuihamisha lazima uite jirani. Spika zake za mbao bado zina afya. Dada yangu alipokuja Desemba kutoka Ujerumani aliniletea kapleya ka muziki, ukubwa wake kama kiberiti, nimejaza humo benga na rumba yote ya nyumbani. Kwa iafoni kanaimba vizuri. Nikikachomeka AUX (mlango wa nyuma wa vyombo vya nje) kwa ile kebo ya jeki moja huku na pini nyekundu na nyeupe kule, sauti inakuja kama redio ya jirani wa tatu.

Redio ya stereo hiyohiyo nikifikisha saa tatu, vikombe vinacheza kabatini. Pleya nazungusha hadi saa tisa ndipo nasikia maneno, na hapo nyuma kuna shhhh kama mafuta yanayopata moto. Jana nilisahau kurudisha chini, mama akabonyeza TUNER asikilize taarifa ya habari. Paka hajarudi mpaka sasa.

Napandishaje sauti ya hiki kitu kabla hakijaingia kwenye stereo?

#2 Mulembe50 (Kakamega)
Saa tatu ipi kwanza? Mshale ukielekea 3 au ukielekea 9? Maana kama ni 3 ya ukutani, basi redio yako ndiyo mgonjwa.

#3 JaMigosi
Saa tatu ya Kiswahili mkubwa, mshale kwa 9. Saa tisa, mshale kwa 3. Tumesoma shule moja.

#4 Fundi Rezista (Kondele)
Hiyo ni kawaida, naiona kila wiki mezani. Tundu la iafoni limeundwa kusukuma vispika viwili vilivyo ndani ya sikio, havihitaji mengi. Stereo yako inangoja sauti ya ukubwa wa laini, yaani umeme wa sauti ambao vyombo vya nyumbani hupeana. CD pleya ya nyumbani hutoa kama volti 2 ikipiga kwa nguvu zote. Kapleya ka betri ndogo hakafiki huko hata kakiomba. Dawa ni priampu, kikuzaji kidogo cha kukaa kati ya pleya na stereo. IC (kichipu) ya miguu 8, nusu moja inabeba kushoto, nusu ya pili kulia. Leta nikufungie.

#5 Wayawaya (Kisii)
Fundi ameshaanza kutafuta chakula cha jioni 😂 Buda nunua risiva ya bluetooth, chomeka AUX, cheza kutoka kwa simu. Mambo kwisha.

#6 JaMigosi
Wayawaya, pleya haina bluetooth. Na simu ndiyo inayopigiwa na watu wa kazi, sitaki benga ikatwe katikati ya sebene na mtu anayeuliza "uko wapi".

Lakini umenikumbusha. Simu yenyewe nikiichomeka kwa kebo hiyohiyo, AUX hiyohiyo, wimbo uleule, inasikika vizuri. Si kama redio, lakini vizuri. Kwa hiyo stereo na kebo ni wazima, sivyo?

#7 Kaseti Haifi (Nakuru, Section 58)
Ndugu yangu, kabla hujampa Fundi pesa, angalia nyuma ya stereo kama kuna mahali pameandikwa TAPE. Na uniambie kama deki ya kaseti ya mzee bado ipo. Kuna ujanja hapo, nitaeleza nikirudi, naenda kuchukua watoto.

#8 Jicho la Lanet
Mimi nilikuwa na shida hiyo na nikachomeka PHONO. Sauti ilipanda mara moja! Ila besi ikawa nzito kama uji wa wimbi na muziki unapasuka.

#9 Mwalimu wa Mawimbi (Maseno)
@Jicho la Lanet, toa haraka. PHONO ni ya santuri. Sindano ya santuri inatoa milivolti chache tu, kwa hiyo mlango huo unakuza sana, na zaidi ya kukuza unainua besi na kushusha sauti nyembamba, kwa sababu santuri ilikatwa kinyume chake, besi imepunguzwa na nyembamba zimeongezwa. Ukiingiza pleya pale unapata uji huohuo uliousema. Na kuna siku utasahau, uweke pleya juu kabisa, spika zilie.

@JaMigosi, kitu kimoja kwenye #1 kimenigusa: pleya imetoka Ujerumani. Ulaya wana kiwango cha kulinda masikio, EN 50332, kinachobana pleya za mfukoni. Kiwango kilivyoandikwa, pleya inayouzwa bila iafoni zake maalumu isizidi milivolti 150 kwa kelele maalumu ya majaribio. Milivolti 150 ni volti 0.15. Linganisha na zile volti 2 za Fundi: ni zaidi ya mara 13. Kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, ni kama 22. Huenda dada yako alikuletea pleya iliyofungwa mdomo kwa sheria.

#10 Mulembe50
Sheria ya Ulaya inatunyamazishia benga Migosi. Ukoloni haukuisha.

#11 Nyar Dunga (Kisumu)
Mwalimu yuko sawa kuhusu Ulaya. Kwa pleya za Sansa Clip, mtu akirudisha mipangilio ya kiwandani inamuuliza yuko eneo gani la dunia. Ukichagua eneo lisilo Ulaya, kikomo cha sauti kinapanda. Pia ndani ya mipangilio kuna sehemu ya sauti ya kawaida au ya juu. JaMigosi, yako ni ya aina gani?

#12 JaMigosi
Jina limefutika dada. Imebaki herufi moja na nusu. Nimeingia mipangilio yote, nimeona lugha (iko Kijerumani, nimebadilisha), mwanga na saa. Eneo halipo.

#13 Kaseti Haifi
Nimerudi. Haya.

Deki ya kaseti ya zamani ina LINE IN na LINE OUT nyuma, na mbele ina kile cha kuzungusha kilichoandikwa REC LEVEL. Pleya inaingia LINE IN ya deki. LINE OUT ya deki inaingia TAPE ya amplifaya. Weka kaseti ndani, bonyeza REC pamoja na PAUSE. Deki inadhani unajiandaa kurekodi, kwa hiyo inapitisha sauti inayoingia mpaka nje ili usikie utakachorekodi. Sasa REC LEVEL ndiyo priampu yako. Zungusha mpaka vile vishale (au taa) viguse karibu na 0, acha. Umeshapandisha sauti bila kulehemu chochote, na una vishale vya kuangalia vikicheza, ambavyo peke yake ni burudani.

Kaseti iwe na vile vipembe viwili vya juu havijavunjwa. Kama vimevunjwa deki itakataa kurekodi, bandika karatasi ya gundi juu ya shimo.

#14 Fundi Rezista
Hii nakubali, Kaseti. Nilikuwa nimeisahau. Lakini mwambie ukweli wote.

#15 Kaseti Haifi
Sawa sawa. Ukweli wote: usiweke kaseti unayoipenda. Mimi niliweka ya harusi yangu kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Mtoto akabonyeza PAUSE mara ya pili, deki ikaanza kurekodi, na mimi nikiwa jikoni nasikia muziki mzuri nikadhani yote ni salama. Hotuba ya baba mkwe, dakika ishirini na kitu, sasa ni rumba. Mke wangu hajui. Akiuliza kuhusu kaseti nasema deki inakula kaseti.

#16 Nyar Dunga
Kaseti 😂😂😂 umeandika hadharani sasa.

#17 Mulembe50
Baba mkwe aliyegeuka rumba. Ng'ombe walirudishwa?

#18 DJ wa Majonzi (Bungoma)
Nimecheka mpaka jenereta ikazima. Naongeza yangu. Mimi hupiga muziki kwa matanga huku kwetu, najua watu watanirukia lakini ni kazi. Usiku mmoja miksa ilikataa kupokea pleya kwa laini, sauti chini kama hii ya JaMigosi. Nikachomeka kwenye tundu la maikrofoni. Ikalipuka juu, waombolezaji walisimama. Maikrofoni nayo inangoja milivolti chache tu kama ile PHONO ya Mwalimu, ila haigeuzi besi. Nikashusha pleya mpaka robo, ikatulia, lakini ilikuwa na mvumo. Mpaka leo sijui kama mvumo ulitoka kwa jenereta au kwa adapta ya pleya.

#19 Jicho la Lanet
Disko matanga si ilipigwa marufuku? Watoto wa shule wanapotelea huko.

#20 DJ wa Majonzi
Nilijua. Huwa nazima mapema na familia ndiyo inaniita. Turudi kwa volti.

#21 Mwalimu wa Mawimbi
Tafadhali turudi. Nina pingamizi dhidi yangu mwenyewe. Amplifaya nyingi za Kijapani za wakati ule, ukisoma kitabu chake, zimeandikwa AUX, TUNER na TAPE milivolti 150 kwa nguvu kamili. Yaani hata pleya iliyobanwa ya milivolti 150 ingeweza kuisukuma hiyo stereo mpaka mwisho, volyumu ikiwa juu. Kwa hiyo kusema "ni Ulaya" hakutoshi. JaMigosi anasema saa tisa ndipo anasikia maneno. Hiyo ni chini kuliko nilivyotarajia.

#22 Fundi Rezista
Mwalimu, kitabu ni kitabu. Hiyo stereo ina miaka 40. Kapasita zimekauka, swichi ya kuchagua chanzo imeshika kutu. Kisumu kuna unyevu wa ziwa, nimefungua mashine ambazo ndani zimeota kijani.

#23 JaMigosi
Lakini redio inanguruma Fundi. Na simu inasikika.

#24 Fundi Rezista
Redio inapita mguso mwingine wa swichi. AUX ina mguso wake. Zungusha hiyo swichi mara ishirini kwenda na kurudi stima ikiwa imezimwa. Simu inasikika kwa sababu inasukuma zaidi, si kwa sababu mguso ni mzima.

#25 Wayawaya
Mara priampu, mara kutu. Fundi, una bei mbili.

#26 Nyar Dunga
Jamani mbona hakuna aliyeuliza kuhusu nyimbo zenyewe? Benga ya zamani wengi tumeipata kwa mtu aliyetoa kwenye kaseti kwa kompyuta, akiogopa kupasua akaweka chini sana. Mimi nilipitisha zangu kwenye MP3Gain, programu ya kompyuta. Inapima kila wimbo na kuusogeza kwa hatua za desibeli 1.5, bila kuharibu faili. Kiwango cha kawaida huwa desibeli 89, mimi niliweka 95. Tofauti nilisikia siku ileile. Ila zile zilizorekodiwa kwa sauti ya juu tayari zinaweza kupasuka, angalia alama inayoonya.

#27 JaMigosi
Dada, nilisema #6, wimbo uleule kwa simu uko sawa.

#28 Nyar Dunga
Simu nyingi zina programu ya muziki inayoongeza yenyewe, ile ya "kuboresha sauti". Zima hiyo kwanza ndipo ulinganishe. Bado sijakubali.

#29 Mulembe50
Na jeki? Yangu ilikuwa hivi: nilipochomeka, gitaa na ngoma zinasikika kwa mbali, mwimbaji hayupo kabisa, kama karaoke. Nilidhani ni wimbo. Kumbe jeki haikuingia hadi mwisho, kava ya pleya ilikuwa inaizuia. Nilikata kava kwa wembe, mwimbaji akarudi.

#30 Mwalimu wa Mawimbi
Hilo ni la kweli na lina maelezo. Ule mviringo wa nyuma wa jeki ni waya wa pamoja wa kurudi. Usiposhika, spika mbili zinabaki zimeunganishwa kati ya kushoto na kulia, na chochote kilicho sawa pande zote kinafutika. Mwimbaji huwa katikati, yaani sawa pande zote. Kinachobaki ni tofauti tu. JaMigosi, mwimbaji yupo?

#31 JaMigosi
Yupo. Mdogo, lakini yupo na analalamika kuhusu mapenzi kama kawaida.

#32 Fundi Rezista
Umenunua wapi hiyo kebo? Kuna kebo zenye rezista ndani, za kushusha sauti ya laini ili iingie kwenye tundu la maikrofoni. Kwa macho hutazitofautisha. Chukua mita, weka kwenye ohmu, gusa ncha ya jeki na pini nyeupe. Isome ohmu moja au chini. Ikisoma maelfu, hiyo kebo ndiyo inakula muziki wako.

#33 JaMigosi
Niliipata Kibuye kwenye rundo, shilingi 50. Nimepima sasa hivi. Nyeupe: 0.9. Nyekundu: 1.1, lakini nikiikunja karibu na jeki inaruka, mara 300, mara haisomi kabisa. Kwa hiyo rezista hakuna ila kulia kumechoka.

#34 Wayawaya
Kulia kumechoka lakini pande zote mbili ni dhaifu. Mtaalamu, hiyo si hiyo.

#35 Mwalimu wa Mawimbi
Kwa kuwa una mita, tufanye jambo la maana. Tengeneza toni ya hezi 100 kwa kompyuta, iliyojaa mpaka ukomo, iweke kwenye pleya na kwenye simu. Sauti juu kabisa kwa zote mbili. Pima AC kati ya ncha na mviringo wa nyuma. Toni ya chini hivyo hata mita rahisi inaisoma.

#36 JaMigosi
Nimefanya, ilinichukua jioni nzima, mama anauliza kwa nini nyumba inalia kama meli.
Simu: 00.6
Pleya: 00.1, wakati mwingine 00.2

#37 Mwalimu wa Mawimbi
Mita yako ni ile ya njano, bei rahisi?

#38 JaMigosi
Ndiyo.

#39 Mwalimu wa Mawimbi
Basi AC yake inaanzia volti 200, na 0.1 ndiyo hatua yake ndogo kabisa. 00.1 inaweza kuwa 0.08, inaweza kuwa 0.17. Tunachojua ni kwamba simu inazidi pleya mara tatu au zaidi. Na hapa pana kigingi: ile kelele ya majaribio ya Ulaya haijai mpaka ukomo, kwa hiyo toni iliyojaa ilipaswa kusoma zaidi ya 0.15 kwa pleya iliyobanwa na sheria tu. Kama kweli ni 0.1, kuna kitu kingine juu ya sheria.

#40 Fundi Rezista
Betri. Pleya ya mtumba, betri imechoka, IC ya ndani inanyonya chini. Pima ikiwa imechomekwa chaja.

#41 JaMigosi
Dada alisema ni mpya 😐
Nimepima kwa chaja: 00.2 bila kuruka. Lakini nikichomeka stereo na chaja pamoja inavuma mmmmmm mfululizo.

#42 DJ wa Majonzi
Ndiyo mvumo wangu wa matanga! Adapta! Sasa nimejua.

#43 Mwalimu wa Mawimbi
Usijue haraka. Mvumo wa hezi 50 unaweza kupitia adapta, unaweza kupitia mzunguko wa waya wa ardhi kati ya vyombo viwili, na wewe ulikuwa kwa jenereta ya petroli kwenye shamba la mahindi.

#44 Nyar Dunga
00.2 kwa chaja na 00.1 bila chaja kwa mita ya hatua ya 0.1 ni sawa na kusema hakuna tofauti. Narudia: MP3Gain.

#45 Fundi Rezista
Na mimi narudia priampu. Kwa mwenye mkono wa kulehemu, nawapa bure kabla Wayawaya hajasema nauza: IC 4558, au 5532 ukitaka shhhh ipungue kidogo zaidi. Rezista ya kurudisha kilo-ohmu 33, ya kwenda ardhini kilo-ohmu 10. Ukuzaji ni 1 jumlisha 33 gawanya kwa 10, yaani mara 4.3. Inamtosha JaMigosi. Watu wanaweka 10 kwa 1 wapate mara 11, halafu wanakuja kulia kelele imepanda. Imepanda kwa sababu umeipandisha, kila kitu cha nyuma kinapanda pamoja na wimbo. Betri ya volti 9, si adapta, kwa sababu mmeona mmmmmm. Iwe ndani ya kasha la chuma, kopo la majani ya chai linafaa. Nimefunga moja hivyo ya mzee wa Nyalenda, anaiita "chai".

#46 Jicho la Lanet
Fundi una roho safi. Nimetoa PHONO, naomba kopo na mimi.

#47 Kaseti Haifi
Mambo ya kopo na deki ipo? JaMigosi hujajibu, deki ya mzee ipo ama haipo?

#48 JaMigosi
Ipo! Ilikuwa chini ya kitanda cha mama, imefungwa kwa leso. Mkanda wa kuzungushia umelegea, haichezi kaseti, inanguruma tu. Lakini REC na PAUSE zinashika na vishale vimeamka. Nimeunganisha kama ulivyosema. REC LEVEL kwa 7, stereo kwa saa nne (ya Kiswahili, Mulembe50), benga imejaa nyumba. Shhhh ipo bado, nusu ya ile ya kwanza.

#49 Mulembe50
Nakuru wameshinda Kisumu kwa ufundi. Jiji lililopewa hadhi 2021 linafundisha jiji la zamani.

#50 Fundi Rezista
Hajashinda mtu. Hajajua bado kwa nini pleya iko chini. Ameweka tu mashine ya kilo tano kufanya kazi ya kopo la chai.

#51 Kaseti Haifi
Kilo tano zenye vishale 😎 JaMigosi, umeweka kaseti gani ndani?

#52 JaMigosi
Ilikuwa imo humo tayari. Ina maandishi ya mzee, kalamu ya bluu: "Mkutano wa ukoo". Mkanda umelegea, haizunguki, hakuna hatari. Au?

#53 Kaseti Haifi
TOA.

#54 JaMigosi
Nimetoa. Nimeweka ya kwaya ambayo hakuna anayeitaka.

#55 Wayawaya
Hakuna anayeitaka mpaka mama aulize.

#56 Jicho la Lanet
Samahani kurudisha nyuma, nimejaribu ile toni ya Mwalimu. Mita yangu inasoma 00.0 kwa pleya na 00.0 kwa simu. Ni mita ama ni simu?

#57 Fundi Rezista
Umeiacha kwenye DC.